Tisa Waliobaki Nyumbani

Nilistaafu mwezi uliopita, na mkuu wetu wa shule wa sasa, mtu mwenye adabu zake, ameniomba niwaandikie "machache" nyinyi vijana mnaoingia kufanya kazi ofisi za mbele za shule. Nadhani alitaka ukurasa mmoja wenye busara, ubandikwe karibu na mashine ya kahawa. Pole yake. Mimi ni mtu wa Mombasa, machache siyajui. Tena naandika kwa Kiswahili, kwanza kwa sababu nusu yenu ni watu wetu, Wakenya, Watanzania na Wakongomani, na pili kwa sababu yeye hakisomi.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Cheo changu kilibadilishwa jina mara nne na kazi ikabaki ile ile: simu, mlango, daftari la mahudhurio na watoto wanaotapika. Mshahara haukubadilishwa hata jina.

Nilianza miaka ya tisini ikielekea ukingoni, katika shule ya msingi ya matofali mekundu upande wa Maryland, dakika chache kutoka mpaka wa jiji la Washington. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu miaka kumi na miwili kwetu, Changamwe, nikifundisha darasa la saba na la nane. Vyeti vyangu vilisomwa hapa kwa heshima kubwa, vikarudishwa kwenye bahasha. Nikapewa ukarani msaidizi. Siku ya kwanza nilivaa baibui jipya na viatu vya kisigino, nikidhani ofisi ni mahali pa kukaa. Kufika saa nne nilikuwa nimeshavua viatu, nimepiga magoti chini ya meza nikimtafutia mtoto jino lake lililong'oka.

Aliyenifunza kazi ni karani mkuu, Miss Odessa. Watu weusi wa hapa humheshimu mtu kwa kumwita Miss na jina lake la kwanza, nami nililielewa mara moja, maana kwetu angeitwa Bi Odessa na mambo yakaisha. Aliishi Shaw, mtaa wa ndani ya Washington, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake, zamani kabla nyumba za huko hazijawa za kupigiwa picha. Kila asubuhi aliendesha gari kuja Maryland wakati ulimwengu mzima unakwenda upande wa pili, na hakuwahi kuchelewa. Alinifunza kwamba mzazi asisimame kaunta bila kuangaliwa usoni, hata kama unaongea na simu mbili. Kwamba mtoto anayesema tumbo linamuuma aulizwe kwanza amekula nini, halafu kuna nini darasani leo. Na kwamba daftari la mahudhurio hufungwa saa tatu na nusu asubuhi, si saa tatu na dakika thelathini na moja. Enzi hizo mahudhurio yalijazwa kwa kalamu ya risasi, kiduara kwa kiduara, kisha karatasi zikatiwa kwenye mashine iliyokataa kila karatasi yenye alama ya mafuta ya chipsi. Chini ya kila karatasi palikuwa na sahihi ya Miss Odessa. Mimi niliruhusiwa kujaza viduara. Sahihi ilikuwa yake.

Basi nikaingia wakati wa mageuzi. Ee, mageuzi! Msije mkadhani nyinyi ndio wa kwanza kugeuzwa. Mwaka wangu wa kwanza tuliambiwa shule si shule tena, ni jumuiya ya wanaojifunza. Madarasa yakagawanywa katika "nyumba" tatu, na watoto ambao tayari walikuwa wanapotea njia ya chooni wakapotea zaidi. Kuta mbili za mbao ziliondolewa ili mawazo yapite kwa uhuru. Kelele zikapita pia, kwa hiyo kuta zikarudishwa, na jambo hilo nalo likaitwa mageuzi. Tuliletewa mshauri, kijana mmoja mwenye ofisi mji wa Rockville, juu ya duka la mazulia, aliyekuja kila Jumanne na vikaratasi vya kubandika vya rangi tano. Alitukalisha maktaba, walimu, wapishi, hata mzee wa usafi, akatuuliza lengo la elimu ni nini. Mzee wa usafi akasema lengo lake ni watu wafute miguu. Kikaratasi chake kilibandikwa ukutani pamoja na vingine.

Malengo yalikuwa matano, yakafika manane, yakarudi matatu, na mwishowe yakasagwa yote yakawa dira ya sentensi moja: kila mtoto katika shule hii anaweza, na kila mtoto anahesabika. Mimi ndiye niliyeichapa. Kila Jumanne ilibadilika neno moja, nami nikaichapa upya. Nilicheka hadi Miss Odessa akanikanya. Nikamwambia, "Kwetu tulikuwa na watoto sitini darasani na chaki moja, na hatukuwa na dira."

"Na walijifunza wote sitini?" akaniuliza.

Nikasema waliojifunza walijifunza. Akaendelea kupanga barua.

Sasa mambo ya mtihani, nayo yanataka subira kidogo. Serikali ya jimbo ilikuwa na mtihani wake wa kupima mageuzi, nao ulikuwa wa ajabu. Watoto walikaa vikundi vikundi siku tatu, wakimimina maji kwenye chupa, wakipima, wakijadiliana, kisha kila mmoja akiandika barua ya kueleza walichokiona. Mwishowe alama haikwenda kwa mtoto. Ilikwenda kwa shule. Mtoto hakuwa na namba wala nafasi, hapandi darasa kwa ajili yake wala harudii. Nilichapa maelezo hayo kwa mikono yangu, nikayatafsiri kwa Kiswahili kwa wazazi wetu, na sikuamini hata neno moja. Mtihani usio na wa kwanza wala wa mwisho? Haiwezekani, nikasema moyoni, Wazungu wanatuficha kitu.

Lakini jambo moja nililiamini sana. Mwaka huo ilikuja barua kwamba shule yetu iko kwenye orodha. Alama zisipopanda, shule "itaundwa upya": sisi sote, kuanzia mkuu hadi mzee wa usafi, tutaandika maombi ya kazi zetu wenyewe na kukaa mbele ya jopo, na atakayeshindwa aende zake. Mkuu wa shule aliisoma barua ile kwenye mkutano. Nilimwangalia Miss Odessa. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Siku ile nikaapa kwamba hawatamtoa, wala mimi hawatanitoa.

Na nikafanya ambacho mwalimu yeyote wa kwetu angefanya. Pale Changamwe, mwalimu mkuu wangu alikuwa na desturi. Mtihani wa darasa la nane ukikaribia, wale vilaza, alivyowaita yeye, waliambiwa warudie darasa, au wasajiliwe shule nyingine, au waugue kwa wiki moja. Wastani wa shule ukapanda, na mwalimu mkuu akabebwa juu juu na wazazi kuzunguka uwanja. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiandika orodha ya wagonjwa. Sikuona ubaya wowote. Tulikuwa tunailinda shule.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya mtihani nikatoa kadi za wanafunzi, nikachagua tisa. Wote wa darasa la tano, wote wa watu wetu, wengi wamefika nchini mwaka ule ule, Kiingereza chao bado kinasuasua. Nilichagua wetu kwa sababu wazazi wao wangenielewa bila maelezo marefu. Nikapiga simu kutoka chumba cha mashine ya kunakili, mlango nimeufunga.

Mama Njeri, mtu wa Nyeri aliyekuwa akihudumia wazee katika makao yao huko Rockville, alinielewa kabla sijamaliza.

"Rukia, kwani kuna nini? Njeri ako na shida?"

"Hana shida, mama. Ila wiki ya mtihani mkalishe nyumbani. Wewe unajua mambo haya."

"Mnataka kushikilia mean ya shule?"

"Ndiyo hivyo, wastani usishuke."

"Aki hii Amerika! Nilidhani hizo vitu tuliacha nyumbani. Sawa, nitampeleka kwa auntie yake. Lakini asirepeat class, unasikia?"

Papa Faida hakuwa mwepesi hivyo. Alikuwa Mkongomani, fundi wa redio kwao Bukavu, hapa mlinzi wa maegesho ya magari. Binti yake Faida alikuwa na miaka kumi na mmoja, mrefu, mkimya, na wiki mbili mfululizo alikuwa amekuja kaunta kuniuliza penseli ipi inakubaliwa kwenye mtihani. Baba akaniuliza mara tatu kama serikali ndiyo iliyoamuru. Nikasema shule inashauri. Akasema, "Kama Madame Rukia anasema, ni sawa," na sauti yake ikashuka. Nilikata simu nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Jumatatu tisa hawakuja. Miss Odessa akasema labda mafua. Jumanne hawakuja tena wale wale. Jumatano saa tatu na nusu, kabla hajaweka sahihi, alizipanga zile karatasi mezani, akaweka kidole kwenye majina moja moja, kisha akanitazama mimi. Hakukuwa na haja ya kumficha. Nilimweleza yote, tena kwa kujidai kidogo, jinsi tunavyofanya kwetu, na kwamba nimefanya kwa ajili yake.

Akavua miwani. "Rukia. Hapa asiyekuja anahesabiwa sufuri."

"Mtoto?"

"Shule. Umetuandikia sufuri tisa."

Jamani! Nilianza kusema nilivyosema, sijui hata nini, kwamba maelezo hayakuwa wazi, mimi niliyeyachapa na kuyatafsiri! Akaniacha niishiwe. Halafu akasema taratibu, "Na hata sheria ingekuwa kinyume, hata wangetupa zawadi kwa kila mtoto tuliyemficha. Nilikulia kusini mwa jimbo hili hili. Barabara moja, shule mbili, ya weupe na yetu. Nilijua nikiwa na miaka sita ni ipi isiyonitaka. Hawa watoto wako wameijua Jumatatu."

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Mwaka mzima nilikuwa nimeicheka ile sentensi ya kila mtoto anahesabika, kumbe katika shule nzima mtu pekee aliyekaa chini na kadi akachagua nani asihesabike nilikuwa mimi.

Kulikuwa na njia moja. Alhamisi na Ijumaa zilitengwa kwa watoto waliokosa, wafanye vipande vya mtihani vilivyowapita. Miss Odessa alimwambia mkuu wa shule kwamba kuna wagonjwa tisa na atawafuata. Saa tisa alasiri tukaingia kwenye gari lake, yeye usukani, mimi na karatasi ya anwani. Tulizunguka majengo ya kupanga, ghorofa baada ya ghorofa, lifti mbovu zote. Kila mlango mimi ndiye niliyebisha na mimi ndiye niliyeomba radhi, yeye akisimama nyuma yangu na mkoba wake ameushika kwa mikono miwili. Mama Njeri alicheka hadi akashika ukuta. "Si mlisema akae? Sasa akuje? Nyinyi watu wa ofisi mnakunywanga nini?" Lakini Njeri alikuwa ameshavaa viatu.

Nane walikubali. Papa Faida hakukubali. Alitukaribisha, akatupa viti, akatupa soda, kisha akasimama.

"Madame, wiki iliyopita mutoto yangu alikuwa mujinga. Leo iko na akili. Njo dawa gani mulimupatia?"

"Papa Faida, Faida si mjinga. Nilikosa mimi."

"Ulikosa kwangu?" Akaonyesha mlango wa chumba kwa kidevu. "Miye haukunifungia shule. Sema naye."

Faida akatoka. Alikuwa amesikia yote. Nilikuwa nimewahi kuwachapa watoto, nimewahi kuwarudisha nyumbani, nimewahi kuwatoa machozi na kusahau kabla ya chakula cha mchana. Kumwomba radhi mtoto sikuwahi. Nikasema Kiswahili changu chote cha heshima, tafadhali na uniwie radhi na mwanangu, naye akanisikiliza kama mtu mzima.

"Miye nilijua sababu," akasema. "Kingereza yangu haiko muzuri. Lakini ile ya maji na chupa ningeweza."

"Kesho utaifanya."

"Na kama nitaharibu shule?"

Miss Odessa, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliuliza mtoto anasema nini, nikamtafsiria. Akainama mpaka macho yao yakalingana, akasema nimwambie hivi: shule ikiharibika, haitakuwa yeye aliyeiharibu. Nikamtafsiria. Faida akamtazama baba yake, na baba akaitikia kwa kichwa.

Walifanya mtihani Alhamisi na Ijumaa, wote tisa. Vipande vya Jumatatu walivimaliza, vya Jumanne na Jumatano muda haukutosha. Nilipita dirishani nikamwona Faida amekaza shingo akimimina maji bila kumwaga tone, na wenzake watatu wamemwachia kazi hiyo kwa hiari yao.

Juni, Papa Faida akaja kaunta amevaa koti. Alitaka kujua binti amekuwa wa ngapi. Nikamweleza hakuna namba.

"Alifanya?"

"Alifanya vizuri, nilimwona kwa macho yangu."

"Na hakuna mutu anajua alifanya nini?"

"Hakuna, Papa Faida. Hayo ndiyo malengo mapya ya elimu."

Alifikiri kidogo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniambia nchi hii itamuua.

Majibu ya shule yalipotoka, tulikuwa tumepungukiwa alama kidogo tu. Kidogo kiasi gani, na kama vile vipande vya Jumanne na Jumatano vingetuvusha, sijui. Nilijaribu kupiga hesabu mara nyingi na kila mara niliacha katikati. Shule ikaundwa upya. Tuliandika maombi ya kazi zetu, tukakaa kwenye viti vya plastiki kwenye ukumbi kungoja jopo, na yule mshauri wa Rockville alikuwa miongoni mwa wanajopo, na vikaratasi vyake.

Miss Odessa aliingia kabla yangu. Alipotoka alikaa karibu yangu kutafuta funguo za gari mkobani. "Wameniuliza kuhusu wale tisa," akasema. "Siku tatu hawapo, siku ya nne wote wanapona kwa pamoja. Wanaona ofisi ilicheza na daftari."

"Umewaambiaje?"

"Kwamba sahihi ni yangu. Si ndiyo?"

Nikasema nitaingia niwaambie ukweli. Akasema, "Fanya uonavyo sawa, Rukia," akanishika bega, akaondoka. Nami niliingia kwa nia hiyo hiyo, wallahi. Nilikaa, nikatia maji kooni, na kabla sijafungua mdomo mama mmoja wa jopo akaniuliza swali la kwanza lililoandikwa kwenye karatasi yake: nitoe mfano wa siku niliyomtanguliza mtoto.

Nikatoa. Niliwaeleza jinsi tulivyozunguka ghorofa zile lifti zikiwa mbovu, watoto tisa, mlango kwa mlango. Niliwaeleza habari za Faida na kilichosemwa na kidevu cha baba yake. Nilieleza vizuri, mnajua nikianza. Yule mama akafuta macho. Mshauri akaandika kikaratasi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewaweka nyumbani, nami nikangoja waulize, kisha nikaacha kungoja. Kazi nilipewa siku ile ile, na Agosti, jopo lilipomkataa Miss Odessa, nikapewa yake.

Mtihani wenyewe ulifutwa miaka michache baadaye. Yakaja mageuzi mengine, yenye namba kwa kila mtoto, na Mama Njeri akafurahi sana.

Wengi wenu mliisikia hadithi ya watoto tisa siku yenu ya kwanza kazini. Husimuliwa kila Agosti katika mafunzo ya wafanyakazi wapya, nami mara nyingi nilikuwa nimekaa pale mbele huku mkinipigia makofi. Hii niliyoandika hapa ndiyo nusu iliyokuwa haisemwi.

Miss Odessa hakurudi kwenye shule yoyote. Nilimpigia simu mara mbili mwaka ule. Mara zote alikuwa mchangamfu, akaniuliza Faida anaendeleaje, akanikumbusha daftari lifungwe saa tatu na nusu. Ya tatu sikupiga.